Jinsi Binti Kebo Alivyojifungia Nje ya Seva Yake

Jongeeni, enyi mliowahi kusahau nywila zenu, nanyi mnaotetemeka kompyuta ikiwauliza ndiyo au hapana! Tegeni masikio niwasimulie vita vya Jumapili mchana, alivyopigana Binti Kebo, jemadari wa nyaya, mhitimu asiye na ajira wala woga.

Juu ya kabati la vyombo alikaa mkongwe, kompyuta chakavu iliyotupwa na ofisi fulani. Binti aliapa kuigeuza seva ya kurusha sauti mtandaoni, ili jioni ile ile mtoto wa dada yake, aliye ng'ambo, asikie hadithi za Bibi kwa sauti ya Bibi mwenyewe. Maana mtoto alikuwa ameanza kuuliza, "Bibi ni nani?"

Mifumo endeshi, programu kuu za kuendeshea kompyuta, ikajipanga mbele yake kama wachumba. Mmoja ulimeremeta kwa picha na madirisha; mwingine ulitoka juzi, ukijigamba kwa upya wake. Binti akaikataa. Akachagua Linux iliyotulia, isiyo na urembo, ambayo watunzaji wake wameahidi kuiziba nyufa kwa miaka mingi.

"Mbona nyeusi tupu?" Bibi akauliza, akichungulia kioo cha laptopu.

"Ndiyo uzuri wake, Bibi. Vitu vichache, mwizi hana pa kupenyea."

Ndipo akaishambulia seva kwa mbali, kwa laptopu yake. Akasasisha kila cha kusasishwa. Akaondoa kuingia kwa nywila, akaweka ufunguo wa siri ulio kwenye laptopu yake pekee. Kisha, kwa mkono wa ushindi, akainua ukuta wa ulinzi na kufunga milango yote ya mtandao. Yote! Hata ule aliouingilia yeye mwenyewe.

Kioo cha laptopu kikaganda.

"Umewafungia wezi nje?"

"Nimewafungia, Bibi. Nami niko nao huko huko."

Ikabaki njia moja: kuunganisha seva na skrini. Na skrini pekee ya nyumba ile iliyopokea waya wake ilikuwa televisheni, iliyokaliwa na Mjomba, sultani wa rimoti, ambaye timu yake ilikuwa nyuma kwa bao.

"Ewe Mjomba, ngome ya sebule!" Binti akapiga goti. "Nikopeshe televisheni!"

"We mtoto una wazimu? Kona hiyo inapigwa!"

"Mapumziko tu, Mjomba. Kitukuu amsikie Bibi."

Mjomba akamtazama Bibi, mama yake, aliyekuwa ameshajifunga kitambaa kipya kichwani, kana kwamba sauti nayo huonekana. Akalainika. "Mapumziko tu. Mpira ukianza, nang'oa waya."

Filimbi ikalia. Mkongwe akabebwa hadi sebuleni kama mfalme mgonjwa, nyaya zikiburutika nyuma yake. Binti akapachika kibodi, akaamuru mlango wake ufunguliwe, na mlango wa wasikilizaji pia, mingine ibaki imefungwa. Laptopu ikaitika! Bibi akaisogelea, akaanza kuisimulia hadithi ya chura.

Punde simu ikaita, na kisauti cha mtoto kikasikika kutoka ng'ambo: "Mwambie Bibi arudie pale chura alipokohoa!"

Kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza. Mjomba hakugusa waya. "Arudie," akasema, akipangusa macho. "Hata mimi sikusikia vizuri."

Basi na iandikwe, vitukuu wa vitukuu wajue: siku ile hakuna ufalme ulioanguka, lakini mlango mmoja mdogo ulifunguka, na chura akakohoa ng'ambo ya bahari.