Chai ya Dakika Kumi na Moja

Jumatatu, 5 Novemba 2012. Lodwar.

Msiba ofisini! Bi Maryanne, mkubwa wetu, ametangaza kwamba kompyuta ya zamani inaondoka. Nairobi wanatuletea mfumo mpya wa kuripoti pampu za maji zilizoharibika. Kila pampu, kutoka Kakuma hadi Kalokol, itaripotiwa kwa simu. Wote walipiga makofi. Mimi nilipiga moja, na nilichelewa.

Kompyuta yenyewe atapewa Kiprop wa stoo, ikishafutwa. Ikishafutwa! Kiprop alinikonyeza jicho. Amesema ataichezea karata.

Niandike hapa kwa nini nimeshindwa kula mchana, maana nyumbani hakuna wa kuambiwa. Kabla yangu kiti hiki kilikuwa cha mke wangu, Jebet. Mimi nilikuwa dereva wa hapa hapa. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, nilipewa kiti chake, na ndani ya mashine nikamkuta. Kila ripoti ina sehemu ya maelezo, na Jebet hakuwa mtu wa kuandika "vali mbovu" akanyamaza. Leo nimesoma ya pampu ya Longech, Machi 2009: "Mpini umevunjika. Mama mmoja anasema pampu inalia kama mbuzi. Nimesikiliza. Ni kweli."

Nasoma moja kwa siku, saa nne asubuhi. Mashine ni nzito kufungua. Nabonyeza, kisha naenda kuchemsha chai. Vikombe viwili, sukari vijiko vinne kila kimoja, kama alivyopenda. Nikirudi, yupo. Cha pili nakiweka upande wake wa meza, kwenye dirisha lenye mwarobaini. Nikigeuka, Kiprop hukinywa, kisha hulalamika kwamba meno yanamuuma.

Mfumo mpya una visanduku vya kutia alama tu. Nimeviangalia vyote. Hakuna kisanduku cha mbuzi.

Jumanne, 6 Novemba.

Ngugi ameshuka na ndege kutoka Nairobi. Ndiye fundi wa mfumo. Viatu vyeusi vya kung'aa, na mchanga huu! Nilitaka kumchukia lakini ana adabu, ananiita mzee wangu. Hata ameuliza tunasalimianaje hapa, na sasa anamwambia kila mtu ejok, hadi mbwa wa mlinzi.

Alituweka chini. Mfumo utafanya nini, alisema, hilo anajua. Sasa tumwambie uwe bora kiasi gani. Bi Maryanne akasema uwe wa haraka. Kiprop akasema uwe rahisi. Mimi nikasema uwe mzuri. Ngugi akacheka, akasema hayo ni maombi, na maombi yanapelekwa kanisani. Yeye anataka mahitaji yanayopimika. Nani anatumia, akiwa wapi, katika hali gani, anamaliza kwa muda gani, na katika mara mia anafaulu mara ngapi. Haraka ya Bi Maryanne na haraka ya kobe, alisema, zote ni haraka mpaka uzipime.

Akatoa saa ya kupimia mbio, akapima kompyuta yangu ikifungua faili. Dakika kumi na moja! Alishika kichwa. Mimi niliona fahari kidogo.

Ile saa ilinirudisha Iten. Shuleni nilikuwa mshika saa siku ya michezo, na Jebet alikimbia mita mia nane. Alishinda. Mimi nilikuwa namwangalia, nikasahau kubonyeza. Akaandikiwa muda mbovu kuliko wote. Hakuniongelesha muhula mzima. Ndivyo tulivyoanza.

Kabla ya kufunga kikao, Ngugi alisema jambo. Kila hitaji tutakaloandika litafanyiwa jaribio. Mfumo ukifeli hata moja, Bi Maryanne hatii sahihi, na ule wa zamani unabaki.

Unabaki! Nikajitolea kuyaandika mimi.

Alhamisi, 8 Novemba.

Kazi imekamilika. Nimeandika mahitaji ambayo hayawezekani kwa binadamu.

La kwanza: mtu asiyewahi kushika kompyuta, akiwa Kakuma, jua la saa nane, mtandao ukikatikakatika, aripoti pampu bila msaada kwa dakika tano. La pili: stima ikizimika katikati ya neno, neno lisipotee. La tatu: ripoti yoyote ifunguke kwa sekunde mbili. La nne nililiwaza kitandani nikicheka peke yangu. Jana Ngugi alisema ataleta tarehe na namba za pampu tu kutoka mashine ya zamani, kwa kuwa kuhamisha na maelezo ni kazi ya kichaa. Basi nimeandika: maelezo yote ya zamani yahamishwe, ripoti mia katika mia, neno kwa neno, hata maneno ya upuuzi. Hilo ndilo litakalommaliza.

Ngugi aliyasoma yote. Nikangoja alie. Badala yake alisimama, akanipa mkono kwa mikono miwili, akasema katika kazi yake yote hajawahi kuandikiwa mahitaji yaliyo wazi namna hii. Bi Maryanne ameyabandika ukutani. Kiprop ananiita Profesa, na ananiuliza haja yake ya kwenda msalani itimizwe kwa sekunde ngapi.

Ngugi aliniuliza mara mbili, tukiwa wawili, kama kuna kitu mimi mwenyewe ninachokihitaji. Nikasema hakuna. Mtu mzima hamwelezi kijana wa Nairobi habari za mbuzi.

Jumapili, 11 Novemba.

Kanisani, kisha nyumbani Nawoitorong. Joto. Nimefua mashati mawili, la kwanza limekauka kabla sijaanika la pili. Jirani alipika samaki wa Kalokol na harufu ikaingia bila hodi. Jebet alikuwa akiwapika kwa nyanya nyingi, na alinipa mimi kichwa kwa sababu, alisema, ndicho ninachokosa.

Jumapili ofisi imefungwa. Hakuna cha kusoma.

Jumanne, 15 Januari 2013.

Ngugi amerudi na mfumo umekamilika. Amekonda. Viatu sasa ni sandali za matairi kama za watu wa hapa.

Majaribio ya Lodwar yamefanyika leo mbele ya wote. Bi Maryanne akachagua ripoti tatu za wiki iliyopita. Sekunde mbili, mbili, na moja na nusu! Ngugi akachomoa waya wa stima katikati ya neno "bomba". Akarudisha. "Bom" likawa bado linangoja. Watu wakashangilia. La nne sikuliona. Bi Maryanne amelikagua jana kwa siri yake, ripoti chache za kuokota, akatia alama ya vema. Atakuwa amechoka, hakuangalia vizuri.

Limebaki la Kakuma. Ni mimi niliyeandika, kwa hiyo ni mimi ninayemchagua mtu. Nimempigia Mathilde, mama Mkongo anayesimamia pampu moja katika kambi ya wakimbizi. Nilimuuliza kama amewahi kushika kompyuta. Akasema hata kuiota hajaiota. Nikamuuliza tena, nisikie raha. Na Ngugi amenikabidhi saa nipime mimi, kwa heshima ya umri.

Kidole changu hiki kiliwahi kusahau kwa bahati mbaya. Kinaweza kusahau kwa makusudi.

Alhamisi, 17 Januari. Kakuma.

Aibu. Niandike haraka iishe.

Saa nane juu ya alama. Jua la kukaanga. Mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haya. Kila kitu kilikuwa upande wangu! Ngugi akampa Mathilde simu, akarudi nyuma. Nikabonyeza saa.

Mathilde akauliza kama ni hiyo tu. Akatoa miwani kifuani, akaanza kupiga vidole kama mtu anayechambua maharage. Kumbe humwandikia dada yake aliye Bujumbura ujumbe kila siku ya Mungu, mwaka wa nne sasa, kwa simu. Mimi niliuliza kompyuta. Mfumo uko kwenye simu. Simu sikuuliza!

Akasema, "Bon, nimemaliza." Nikajifanya sijasikia. Nikaangalia milima. Akasema tena kwa sauti. Nikakohoa. Hatimaye nikabonyeza, nikatangaza dakika sita na nusu, pole sana Ngugi, umejitahidi.

Ngugi akaangalia kompyuta yake ya mapajani. Akasema taratibu kwamba mfumo unajiandikia muda wenyewe: Mathilde ameanza saa nane na dakika tatu, amemaliza dakika mbili na sekunde arobaini baadaye. Wanawake wa foleni ya maji walinitazama. Mathilde akaniuliza, "Papa, kile kidole kimekufa?" Foleni nzima ikacheka, hadi mitungi ikaanguka.

Ngugi hakucheka. Akasema saa hiyo ni ya zamani, hukwama. Ungwana huo uliniuma kuliko kicheko.

Baadaye Mathilde alinikalisha kivulini kwake, akaniuliza kwa nini nina uso wa matanga. Sijui ilikuwaje, nikamwambia. Jebet, maelezo, mbuzi, sekunde, yote. Yeye mumewe alibaki Uvira, kaburini, na alichobaki nacho ni kofia. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa nini basi hukuyaandika mu daftari?

Daftari hili lilikuwa kwapani mwangu.

Nilimwomba maji.

Ijumaa, 18 Januari. Lodwar.

Nilitaka kuondoka Kakuma alfajiri, niwahi kunakili maelezo ya Jebet kabla mashine haijafutwa. Eskoti ya polisi ya kutulinda njiani haikuwa tayari hadi saa sita. Ngugi alikuwa ameshampigia Bi Maryanne jana ile ile kwamba mfumo umefaulu. Njia nzima nilijaribu kukumbuka maelezo niliyosoma. Nilikumbuka kumi na mawili. Hayo yalipoisha, nikajikuta naunda mengine mwenyewe, na hayakuchekesha.

Nimefika saa kumi na moja jioni. Ofisi imefungwa. Kiprop alikuwa langoni. Akasema mashine imesafishwa asubuhi, sasa ni safi kama sahani ya harusi. Kisha akaniona vizuri. Akaondoka, akarudi na soda, akaniwekea mkononi bila utani wowote. Hilo lilinitisha zaidi.

Nimezika mara ya pili. Safari hii hata nyimbo hakuna.

Jumatatu, 21 Januari.

Saa nne nilikaa mbele ya mashine mpya. Mazoea tu. Nikaandika "Longech", nikaanza kuinuka kwenda kuchemsha chai. Sijamaliza kuinuka, mbuzi huyo hapo!

"Nimesikiliza. Ni kweli." Neno kwa neno.

Nilimpigia Ngugi papo hapo. Akashangaa. Akasema, lakini mzee wangu, si hitaji lako la nne? Hata maneno ya upuuzi, uliandika. Limemchukua wiki tatu. Akaongeza, polepole, kwamba kuna mtu katika maelezo yale anaitwa K., na kwamba akifanya kazi alijikuta anamngoja atokee tena. Aliuliza kama namjua. Nikasema ni jina la kawaida sana huku.

Kisha nikakaa na kusoma. Moja. Sekunde mbili, nyingine. Kalokol: "Dereva amenunua samaki, gari litanuka hadi Pasaka." Dereva ni mimi, na K. ni mimi! Kakuma: "Bomba limeziba. K. ananingoja nje, anajifanya anakagua tairi." Nyingine ya hapa hapa: "K. ametia vijiko vinne tena. Hii si chai, ni jemu. Nimemwagia mwarobaini wa dirishani. Unanawiri." Nilicheka mpaka Kiprop akaja kuchungulia. Jebet na utani wake!

Sikusimama. Sikuchemsha chochote. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimemaliza miaka minne. Ya mwisho ni ya Kalokol: "Vali ile ile. Nimechoka leo. Kesho nitaandika vizuri."

Nikabonyeza tena. Mfumo ukajibu, kwa sekunde mbili, kwamba hakuna zaidi.

Jumanne, 22 Januari.

Saa nne. Nimefungua Longech. Amekuja kabla sijamngoja. Sikujua kwamba kungoja ndiko kulikokuwa kunajaza asubuhi.

Kiprop alikuja kuiba kikombe cha pili, akakuta hakuna hata cha kwanza. Akaniuliza kama naumwa. Anasema karata kwenye ile mashine zinachukua robo saa kugawiwa na ameshaichukia. Nilimwonea wivu.

Lakini nimepata mpango! Na safari hii najua kuandika. Nimemtumia Ngugi hitaji jipya la ubora, linapimika kila upande: mtumiaji mmoja, Lodwar, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi. Ripoti ya zamani moja tu kwa siku. Ifunguke kwa dakika kumi na moja, isipungue hata sekunde, mara mia katika mia.

Kwenye nafasi ya sababu nimeandika: usalama. Mambo mengine hayamhusu kijana wa Nairobi.

Atajibu. Wakati namsubiri nimekwenda kuchemsha chai. Vikombe viwili. Vijiko vinne kila kimoja, kama alivyopenda.