Trei Kwenye Chumba cha Baridi

Jumatatu, 3 Juni
Kazi ya kwanza tangu nimalize shule: kuosha vyombo katika maabara ya shangazi. Nimevunja mrija mmoja tu.

Shangazi kanieleza utafiti wake. Kuna seli za saratani ambazo utando wake umejaa protini zinazofanya kazi kama pampu. Dawa ikiingia, zinaisukuma nje kabla haijafanya kitu. Anatafuta kemikali ya kuzikomesha. Badala ya dawa anatumia rangi ya kijani: seli ikibaki inang'aa, pampu zimeshindwa. Mpaka leo ni giza tupu. Profesa, bosi wake, kampa wiki hii tu, kisha utafiti unafungwa. Natamani sana kumsaidia.

Jumanne, 4 Juni
Seli zimeshanyonya rangi. Shangazi kachukua trei isiyo na kemikali, mimi kanipa yenye kemikali niipeleke kwenye kabati la joto la upande wa pili, ikae saa moja. Njiani kasimama fundi wa maabara, tunayemwita Bwana Glavu, anaongea na simu. Kumwomba anipishe kulinishinda. Nikajibanza chumba cha baridi na trei yangu mpaka amalize. Ana maneno mengi yule: saa nzima ikaishia humo.

Trei ya shangazi: giza. Yangu: kijani kama taa. Shangazi kanikumbatia, eti nina mkono wa heri. Nikarudi kuosha vyombo.

Jumatano, 5 Juni
Shangazi kampigia bibi, bibi kawapigia wengine wote. Kesho Profesa anakuja kuona jaribio likirudiwa.

Bwana Glavu kanitania kwamba jana aliniona natoka baridini nimekakamaa kama samaki. Akasema nishukuru mimi si pampu ya seli, maana zile zinakula nishati, na zikipigwa baridi zinalala fofofo.

Kumbe kemikali haikufanya lolote. Nikaenda kumwambia shangazi. Alikuwa anaimba. Nikarudi. Basi kesho trei itapita tena baridini.

Alhamisi, 6 Juni
Nilivaa sweta mbili. Nikapewa trei, nikajificha nayo. Kumbe shangazi, ili Profesa asidhani tunapendelea, alikuwa amezibadilisha: yenye kemikali kaichukua mwenyewe. Yangu, isiyo na kitu, ikawaka. Yake giza.

Profesa akasema kwa upole kwamba huenda kemikali hii inazipa pampu nguvu zaidi. Bwana Glavu akatupongeza kwa kuipatia saratani mlinzi. Hakuna aliyecheka. Shangazi alivua miwani akaifuta muda mrefu. Haikuwa na vumbi.

Ijumaa, 7 Juni
Shangazi kaja na macho mekundu. Akaniuliza, mwanangu, wewe ndiye uliyeshika trei, hukuona chochote cha ajabu? Nikamwambia pole, shangazi. Akanishukuru kwa kuwa naye bega kwa bega. Hilo limeniuma kuliko yote.

Kaomba nafasi ya mwisho, Jumatatu. Nimelia, nimejuta, nimelitafakari kosa langu mpaka nimelielewa: nilikuwa naingiza baridini trei moja tu. Jumatatu nitaingiza zote mbili. Nimeshaazima koti la baba.