Unga Kichwani, Macho Bwawani

Jumatatu, 3 Juni

Leo kitinda mimba wangu kaanza kufundishwa kuogelea kwenye bwawa la jiji. Mambo ya idara ya bustani na viwanja, bure likizo nzima. Bure! Nilimwandikisha mwenyewe. Kisha nikamwona ukingoni na kile kikofia cha plastiki, kichwa kama kitunguu, roho ikanitoka. Mtoto huyu alipokuwa anajifunza kutambaa alitumbukia kwenye beseni la kufulia. Nilimtoa kwa mguu. Tangu hapo maji yakizidi kikombe simwamini mtu.

Nikasimama kwenye uzio kumkumbusha kuvuta pumzi. Alipozamisha uso nikapiga yowe. Watoto wote wakatoka majini wakidhani kuna nyoka. Mwalimu wao, dada mmoja ninayemwita Filimbi kwa sababu haimtoki mdomoni, akanifuata. Kasema kwa adabu zote kwamba nikionekana tena pale, mtoto narudi naye nyumbani. Njiani binti akamalizia: "Mama, ukija tena, naacha." Kinywa hicho nimekilisha mimi!

Jumanne, 4 Juni

Sikupata lepe la usingizi. Akiacha, hatajua kuogelea. Akiendelea, nani anamtazama?

Asubuhi nimepita ofisi ya bwawa. Kwenye uzio sikwenda, nimekwenda mlangoni. Nikasoma tangazo, polepole, kama ninavyosoma mimi. Mazoezi ya majini kwa wazee, miaka sitini na kuendelea. Saa zilezile za watoto, upande wa pili wa kamba. Mungu hamtupi mja wake!

Mimi nina arobaini na mbili. Lakini uzee ni nini? Ni mvi na kulalamika. Kulalamika ninako. Mvi zipo jikoni, kwenye mkebe wa unga wa ngano.

Jumatano, 5 Juni

Baba watoto kanikuta najipaka. Kauliza tunapika au tunatoka. Nimemwambia yote mawili.

Karani wa bwawa kaniona, kaninyanyukia, kanipa kiti chake. Nilifurahi. Kisha nikaumia.

Wazee ni wachache, wachangamfu. Fundi saa mstaafu kanipokea kwa kuniita bibi harusi. Maji yanafika kiunoni tu. Filimbi anafundisha pande zote mbili, lakini akiingia majini huvua miwani, na bila miwani hamjui hata mamake. Binti hakunitambua, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Anapiga miguu vizuri, mwanangu! Kasoro ni unga tu. Ukikutana na maji unakuwa uji, ukikaa unakuwa donge. Ulinishukia masikioni, ukaingia shingoni. Fundi saa kasema ana mafuta mazuri sana ya ugonjwa wa ngozi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeacha unga. Hakuna aliyeuliza mvi zimekwenda wapi. Hata mmoja! Nimekaa mbele ya kioo muda mrefu.

Dukani kanisimamisha jirani yangu, Mama Pacha. Eti pacha wake wanaelea kama maboya, wangu je? Nikamjibu wangu ni samaki. Kasema haya, tutaona siku ya maonyesho, Jumamosi ya wiki ijayo. Wazazi wote wamealikwa, madarasa yote yataingia majini. Yote. Hadi wazee.

Nimeanza kutafuta ugonjwa.

Jumatano, 12 Juni

Nimejaribu kuumwa nyonga. Fundi saa kasema dawa ya nyonga ni maji. Filimbi kanichagua nielee katikati ya duara, kwa kuwa nina wepesi "kwa umri wangu". Sijui kuelea! Siku zote natembea chini, napunga mikono juu.

Jumamosi, 15 Juni

Binti kavuka bwawa bila kusimama. Nilijisahau, nikapiga vigelegele katikati ya wazee. Kichwa chake kikageuka. Vigelegele vyangu anavijua tangu tumboni.

Ikaja zamu yetu. Nikalala chali, wazee wakaniachia. Nikaona mbingu. Kisha nikaona maji. Nikarusha mikono, nikarusha miguu, nikaanza kutubu. Mara mtu mdogo akaruka kamba, akanishika chini ya kidevu kama walivyofundishwa, akaninong'oneza sikioni: "Mama. Simama."

Nikasimama. Maji kiunoni.

Kisha Mama Pacha akaangua kicheko, pacha wake wakamfuata, akapaza sauti: mama wa samaki huyo! Filimbi kavaa miwani, kanitazama, kauliza bibi huyu ana mtoto mdogo hivi? Fundi saa kasema Mungu ni mkubwa.

Binti alikuwa amevimba kwa hasira. Lakini mkono wangu hakuuachia, mpaka nchi kavu. Filimbi akamvisha kofia nyekundu, ya waliohitimu. Nikamuuliza Mama Pacha, pacha wako wamemwokoa nani?

Jumapili, 16 Juni

Filimbi kasamehe na binti anaendelea, kwa sharti niape sikanyagi tena bwawani. Nimeapa, mkono juu. Filimbi kanitoa kwa wazee. Kasema kuna darasa la watu wazima Jumapili, nikajifunze kuelea. Nimemshukuru. Lakini Jumapili binti haogelei, nikafanye nini huko?

Sasa wenye kofia nyekundu wanahamia upande wa kina kirefu. Kirefu! Kiapo ni kiapo, bwawani sikanyagi. Ila kwenye nyasi za kando, jiji lina mazoezi ya kutembea kwa wajawazito. Saa zilezile. Nimejaribu mto wa kochi ndani ya gauni, umekaa vizuri. Baba watoto kauliza ni wa kike au wa kiume.

Nimemwambia apunguze maneno, aniletee pini.