Safari ya Gavana wa Shaba

Serikali mpya ilipotangaza kwamba Gavana wa shaba, sanamu la mkoloni, ang'oke pale mzungukoni apelekwe makumbusho, mji mzima ulipiga vigelegele. Ulimi Laini, tapeli wa mji, hakupiga. Alimkagua Gavana kuanzia kofia hadi viatu, kama mchinjaji anavyokagua ng'ombe.

Alimlainisha mkewe mpaka cherehani, ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba, ikawekwa rehani kwa mwenye lori.

"Ukirudi bila cherehani yangu," mkewe akasema, "lala hukohuko na sanamu lako."

Akaazima koti, akaingia manispaa. "Bwana Karani, mimi mkandarasi. Nitamhamisha bure. Uzalendo tu."

"Bure?" Karani akavua miwani, akafuta machozi yasiyokuwepo. "Wenye moyo kama wako wamebaki wachache, ndugu yangu. Tia sahihi hapa: umepokea Gavana mmoja, wa shaba, mzima."

Gavana alikuwa ameshafunikwa turubai wiki nzima, eti wananchi wasimpige mawe. Vibarua wawili wakamwinua kama godoro. Ulimi Laini akadhani ni nguvu za uhuru.

Lori halikwenda makumbusho. Lilikwenda kwa fundi sufuria, Gavana akauzwe kwa kilo. Fundi akavuta turubai, akagonga kwa nyundo: pu. Akapitisha tupa begani. Ukatoka unga mweupe.

"Kaka, huyu plasta. Wamempaka rangi."

"Na shaba iko wapi?"

"Waulize waliomfunika."

Akarudi manispaa akitweta. "Bwana Karani, mmenipa bandia!"

"Umejuaje?" Karani akauliza kwa upole. "Makumbusho ndio waliomkwangua?"

Ulimi Laini akaficha nyuma mkono wenye unga mweupe.

"Mheshimiwa Meya anasema hivi: Gavana akifika mzima, hakuna maswali. Akivunjika hata kidole, basi tumeshajua nani kala shaba ya wananchi. Sahihi yako ninayo."

Wakubwa hawa! Bendera wamebadilisha, mifuko ni ileile.

Basi akampaka Gavana kiwi cha viatu kwenye kidonda cha bega, akapanda nyuma ya lori, akamkumbatia kwa kila shimo la barabara. Mwenye lori, usukanini, akapaza sauti: "Jua likizama hujamaliza, cherehani yangu!"

Nusu ya njia, mvua. Turubai walilisahau kwa fundi. Tone la kwanza likatua puani mwa Gavana, rangi ikaanza kuchuruzika.

Ulimi Laini akavua koti la watu, akamfunika kichwa, akamnong'oneza sikioni, "Mheshimiwa, nakuomba, jikaze."