Njoo Tu, Usibebe Kitu

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Mvua asubuhi. Magoti yote mawili yalikuwa na habari tangu jana.

Leo natimiza miezi saba tangu nistaafu polisi. Miaka ishirini na sita kazini, ishirini na miwili kati ya hiyo nimesimama getini. Geti la kambi, geti la benki, geti la mheshimiwa mmoja ambaye hakuwahi kujua jina langu. Nilipoondoka walinipa saa ya ukutani, na daktari akanipa onyo: Okidi, usisimame zaidi ya saa moja. Kitabu hiki cha matukio nilikichukua mwenyewe. Kilikuwa na kurasa mia mbili tupu. Ni dhambi kuziacha.

Shemeji Odur kaja wakati wa chai. Ni kaka wa mke wangu Abalo. Zamani alikuwa chini yangu, akinipigia saluti mpaka kofia inaanguka. Sasa ni msimamizi katika kampuni ya ulinzi. Kasema kuna nafasi kwenye geti la supamaketi hapa Ntinda, kuanzia Jumatatu tarehe 22. Nimeuliza kama kuna kiti. Kacheka kwa adabu, kama shemeji anavyopaswa.

"Afande, uniform iko, kofia iko, firimbi iko. Kiti tu ndiyo hakuna."

Yaani mimi nimwombe Odur ruhusa ya kwenda msalani! Abalo kasema ni hiyo, au niondoke kando ya cherehani yake, maana nimeanza kumsahihisha mishono. Odur anataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo.

Mimi sitaki makubwa. Nataka kazi yenye kiti.

Hali shwari.

Jumanne, tarehe 9

Nimepata! Karatasi kwenye nguzo ya umeme, mbele ya kibanda cha chapati cha jirani yetu Rehemah. Ofisi ya usanifu, hapa hapa Ntinda. Wanachora nyumba, mageti, vibanda vya walinzi. Wanatafuta mwanagenzi wa kuchora, umri wowote, mradi ajue kusoma na kuandika. Halafu mstari mmoja kwa herufi nene: wanataka mtu ambaye hajawahi kabisa kufanya kazi hii, watamfundisha wenyewe.

Ofisi ya kuchora! Watu huchora wamekaa. Sijawahi kusikia anayechora amesimama.

Abalo kasoma, kasema basi hii ni yako, maana hujui kitu. Maskini. Miaka ishirini na tatu ya ndoa na bado haijui dunia. Wakwe wakikuambia "njoo tu, usibebe kitu", nani huenda mikono mitupu? Nilipokwenda kwao Lira kumposa waliniambia hivyo hivyo. Nilibeba sukari, sabuni, mbuzi wawili na taa ya karabai, na bado shangazi mmoja aliuliza kama gari la pili liko nyuma. Ofisi nayo ina adabu zake. Ikisema haitaki uzoefu, inamtafuta mwenye akili ya kuuleta.

Uzoefu sina. Utapatikana.

Nimebandua karatasi, wengine wasiione. Nusu imebaki na gundi kwenye nguzo. Rehemah kaniona, kauliza afande umeikamata karatasi kwa kosa gani. Ikabidi nimwonyeshe. Kaisoma polepole, mpaka chapati ikaungua.

Jumatano, tarehe 10

Kosa la jana limezaa. Rehemah kaja nyumbani, anataka na yeye aombe. Ana miaka arobaini na moja, kumi na tano kati ya hiyo mbele ya kikaango. Kasema moshi umemchosha. Kasema pia mkono wake ni wa kusukuma chapati, lakini wangu ni wa kitabu cha matukio, kila herufi imesimama kama gwaride. "Niandikie barua, baba Akwero." Akwero ni binti yetu, anasomea uuguzi Gulu. Mtu akikuita kwa jina la mtoto wako, utamkataliaje?

Sikukataa. Hapo ndipo akili ya polisi inapofanya kazi. Nimemwandikia ukweli mtupu, ummalize. Kwamba hajui kuchora. Kwamba ofisini ameingia mara mbili tu, zote kupeleka chapati. Kwamba kompyuta haijui inawashwa wapi. Kwamba maishani amepima unga tu, na hupima kwa macho. Nikamsomea, nikitegemea ataona haya na kughairi.

Kasema eeh, huyo ndiyo mimi kabisa. Kaomba niongeze kuwa huwa hachelewi. Nimeongeza, kwa herufi ndogo.

Barua yangu ni mistari miwili: jina, na kwamba mengine nitaeleza ana kwa ana. Karata haionyeshwi mapema. Amezipeleka zote mbili yeye mwenyewe, na kunilipa chapati mbili. Dhamiri ilinisumbua kidogo, lakini chapati zilikuwa za moto.

Mshindani mmoja ameondolewa. Hali shwari.

Ijumaa, tarehe 12

Wametuita wote wawili. Mtihani ni Jumanne. Kwa nini wamemwita Rehemah? Nadhani wanajaza viti.

Nimekwenda Katwe kutafuta uzoefu. Kamis, fundi wa mageti, tulikulia kambi moja. Baba yake alipiga tarumbeta ya polisi. Ujana wake alifanya kazi karakana moja Nairobi ambayo ilishakufa, lakini muhuri wake anao bado. Nimeandika barua mwenyewe: Okidi alikuwa mchoraji wetu mkuu wa mageti, miaka kumi na mmoja. Nairobi ni mbali. Nani atapanda basi kwenda kuuliza?

Kamis kakubali kugonga muhuri, sharti nimshikie nondo akichomea, maana msaidizi wake kaenda mazishini. Kinyago cha kuchomea kilikuwa kimoja, na yeye ndiye aliyekivaa. Kaniambia nisitazame. Mtu kalinda geti miaka ishirini na miwili, umwambie asitazame! Nimetazama.

Akigonga muhuri kasema, "Lakini afande, wewe geti unaijua kuliko mimi. Mimi nachoma, nauza. Wewe umeishi na yeye." Nimemwambia tusikumbushane mabaya.

Jioni macho yakaanza. Kama mtu kayajaza mchanga, akanyunyizia pilipili. Abalo kanifunga kitambaa cha maji baridi.

Naandika kwa jicho moja. Mstari huu sijui uko wapi.

Jumapili, tarehe 14

Odur kanikuta sebuleni na kitambaa usoni. Kauliza shemeji nani kafa. Kaleta uniform nijaribu. Suruali inaishia juu ya kifundo. Ndugu wawili, kaka na dada, wakachuchumaa miguuni kwangu kupima, wakizungumza juu yangu kama vile mimi ni pazia. Abalo kasema atateremsha pindo. Ameitundika nyuma ya mlango wa chumba.

Nimelala nikiiangalia, nayo inaniangalia. Suruali ina subira kuliko mimi.

Jumanne, tarehe 16

Ngazi arobaini na moja. Mimi nimezihesabu, na magoti yakarudia. Ofisi iko juu ya duka la rangi. Tulikuwa saba. Wengine sita ni vijana wa umri wa Akwero. Hapana, watano, wa sita ni Rehemah, ushungi mpya na unga kwenye kiwiko, akisalimia kila mtu kama yuko harusini.

Mkuu wa ofisi ni Madamu Nelima, mama mpole, penseli nyuma ya sikio. Kampa kila mtu karatasi, rula, penseli na kiti. Kiti! Kina mto, kina mgongo, kina magurudumu. Nilikaa. Dakika tano za kwanza sikufanya kitu kingine.

Mtihani: mteja wao wa Kansanga amekimbiwa na walinzi watatu tangu mwaka uanze. Anataka geti na kibanda ambacho wa nne hatakikimbia. Chora.

Nilikuwa nimejiandaa kuchora nguzo zenye simba. Lakini macho yalikuwa yanamwaga maji, na uongo unahitaji macho mazuri. Basi mkono ukajiendea. Dirisha nikaliweka chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Tundu la kusomea namba ya gari bila kuinuka. Paa limetokeza upande wa mvua, kwa sababu ya mafua niliyoyapata geti la benki. Msumari wa koti ndani, kwa sababu ya koti langu lililoibwa kambini. Rafu ya chupa ya chai, mahali ambapo mheshimiwa akipita haioni. Na benchi pana lenye kuegemea, kwa ile saa ambayo hakuna askari anayekiri kuwa alisinzia.

Madamu Nelima kasimama nyuma yangu muda mrefu. Halafu kavuta kiti, kakaa kando yangu.

"Mzee, haya umejuaje? Nani alikufundisha?"

Ukweli ulifika hapa, kooni. Ulikuja na kofia yake na viatu vyake vilivyong'arishwa, ukapiga saluti. Nikaumeza. Nikatoa barua ya Nairobi.

Kaisoma mara mbili. Kauliza kama kweli ni miaka kumi na mmoja. Nikasema kumi na mmoja na nusu. Kauliza macho yamefanya nini. Nikasema ni kuchora sana. Kafunga faili polepole, kasema watapiga simu.

Rehemah alikuwa amechora sanduku, anauliza kwa sauti watu wa kazi hii huweka mlango upande gani. Nilimhurumia kwa dhati.

Alhamisi, tarehe 18

Simu saa nne asubuhi. Nimeipokea nimesimama, kwa heshima.

Madamu Nelima kasema mchoro wangu ulikuwa wa kwanza, na wa pili uko mbali nyuma yake. Nikaanza kukaa. Kasema lakini kazi hawezi kunipa. Nikabaki katikati. Tangazo lilisema wazi wanataka asiyewahi kuifanya. Mchoraji mkuu wa miaka kumi na mmoja na nusu hatakubali kufundishwa kushika rula, na akikubali ataondoka mwezi ujao. Kasema hata yeye inamuuma. Angepata askari mmoja tu wa geti, mtu aliyekaa kwenye kibanda kweli, akachora vile, angemchukua siku hiyo hiyo.

Nikamwambia askari wa namna hiyo ni adimu sana.

Kasema ndiyo, ni adimu. Tukaagana vizuri.

Mchana Rehemah kaja mbio na chapati kumi zimefungwa kwenye gazeti. Kazi kapata yeye. Kafika mlangoni hana pumzi. "Afande, Mungu akuweke! Ni ile barua yako. Madamu anasema amesoma barua hamsini, hiyo tu ndiyo aliamini." Ameshaonyeshwa kiti chake. Kasema kinazunguka. Kakizungusha mpaka akasikia kizunguzungu, Madamu akamshika.

Nimempa hongera. Nimekula chapati mbili, sikusikia ladha. Ya tatu nimesikia kidogo.

Abalo nilimweleza yote, hata Nairobi. Kamaliza kushona pindo la suruali, kakata uzi kwa meno, kauliza kama safari hii nimejifunza. Nikasema ndiyo. Sana.

Ijumaa, tarehe 19

Odur kaja mapema. Nilijua anafuata jibu lake. Nikavaa uso wa mtu aliyeshindwa, uso ninao tayari. Lakini kaweka fomu mezani.

Makao makuu ya kampuni yao yanatafuta mkufunzi wa walinzi wa geti. Kazi ni ya ofisini: meza, feni, kiti chenye magurudumu. Sharti moja tu, liko juu kabisa kwa herufi nyekundu: uzoefu wa getini usiopungua miaka ishirini, utaje kila kituo. Mwisho wa kupokea ni leo saa kumi na moja jioni. Kumbe fomu hii ameificha kwenye droo tangu juzi, wengine wasiichukue. Na mimi nikamsema vibaya kurasa nzima! Kasema yeye mwenyewe hiyo miaka hana, na hamfahamu mwingine aliye nayo.

"Shemeji, hii ni ya kwako. Jaza tu ukweli, mimi napeleka na boda."

Abalo kaja kusimama nyuma ya kiti changu, kaweka mkono begani. Hajafanya hivyo tangu sherehe ya kustaafu. Kasema, "Baba Akwero, andika ukweli. Mara hii tu."

Nimewaomba waniachie utulivu. Wametoka nje kuangalia mahindi ya Abalo. Nimechonga penseli, halafu nikachukua kalamu.

Mimi sikuzaliwa jana. Jana yenyewe nilikuwepo, na nimeona. Nani kapewa kiti? Aliyekwenda na hana kitu. Nani kaachwa nje? Mwenye miaka kumi na mmoja na nusu, na muhuri juu. Dunia imegeuka, na Odur na dada yake hawana habari. Siku hizi wakwe wakisema leteni mbuzi ishirini, wanatafuta mtu mnyenyekevu wa kuja mikono mitupu.

Uzoefu wa getini: hakuna. Vituo: hakuna. Maelezo mengine: sijawahi kusimama getini hata siku moja, lakini niko tayari kufundishwa. Yote kwa mwandiko wa gwaride. Mwisho nikaongeza kuwa huwa sichelewi, na hilo sikuliandika kwa herufi ndogo.

Nimefunga bahasha kwa gundi, mara mbili. Odur kaitia mfuko wa shati upande wa moyo, kafunga kifungo, kanipigia saluti. Kofia haikuanguka. Nimesimama mlangoni mpaka boda ikapotea kwenye kona, na magoti hayakulalamika.

Abalo kauliza kama nimetaja vituo vyote. Nimemwambia nafasi niliyopewa ilitosha. Kafurahi, kaenda kupika kuku. Suruali nimemwambia aitungue amrudishie kaka yake, pindo lake na yote. Haitahitajika.

Hali shwari.