Vijitabu vya Kuokoa Rafu ya Mjomba

Jumatatu, 3 Agosti

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: sijawahi kumaliza gemu hata moja. Naliandika kwa penseli ili nikijuta nifute.

Shida ni kwamba watu wananijua kama mtaalamu. Kila likizo nashinda kwenye duka la gemu la Mjomba, nyuma ya rafu ya diski, juu ya kigoda changu. Wateja wananiita Profesa. Wakiuliza gemu ipi ni nzuri, nawasimulia falme, majoka na ndugu waliosalitiana. Yote nimeyasoma nyuma ya makasha na kwenye vijitabu vilivyokuwa vikija ndani yake zamani. Vijitabu vyote nimevimaliza, pamoja na kurasa za onyo kwa lugha nisizozijua. Lakini nikishika pedi ya kuchezea, kichwa kinazunguka, na mtu wangu kwenye skrini anaenda kusimama uso kwa uso na ukuta.

Leo Mjomba aliitisha kikao. Wajumbe: yeye, mimi, na fundi simu aliyepanga kona ya mlangoni. Mjomba alisema siku hizi mtu anapakua gemu akiwa kitandani. Wengine hata kupakua hawapakui, wanacheza hukohuko mtandaoni kama wanaotazama video. Diski imebaki kuwa pambo. Kwa hiyo ikifika Jumamosi ya wiki ijayo na nusu ya rafu haijauzika, seremala atakuja kuivunja, na nafasi itakuwa ya fundi. Yeye Mjomba ataenda kumsaidia shemeji yake gereji. Mjomba hajui hata boneti inafungukia wapi.

Aliyasema haya huku anaifuta rafu vumbi. Aliijenga kwa mikono yake, mwaka niliozaliwa. Imeinama kidogo upande wa kushoto. Mama anasema hata mimi nimeinama hivyohivyo, kwa kuiegemea.

Fundi alisema pole sana mzee, dunia ndiyo hiyo. Alisema hivyo huku anaipima rafu kwa macho.

Nimeamua kuiokoa. Mjomba sijamwambia. Mwenye nguvu hatangazi.

Jumanne, 4 Agosti

Fundi ni adui mwenye subira. Meza yake ilikuwa kwenye kigae cha tatu kutoka mlangoni. Leo iko cha nne. Nilipomtazama kwa ukali alinisalimia. Nikamwamkia shikamoo bila kukusudia, kwa sababu ya malezi.

Mambo yake yenyewe hovyo. Vioo vya simu anavifunga kwa gazeti na kuvirundika kwenye ndoo. Kila baada ya siku chache kimoja kinapasuka, naye anailaumu ndoo.

Nimepata mbinu ya kwanza. Nilimwambia Mjomba kwamba kama watu wanataka kupakua, sisi tuwauzie huko kupakua. Mawakala wanaotuletea gemu wanayo makasha mapya: kwa nje ni gemu kamili, ndani hamna diski, kuna kikaratasi chenye namba za siri. Mteja anaingiza namba, gemu inakuja yenyewe. Mjomba alisema mwanangu una akili mpaka zinamwagika. Akampigia wakala.

Makasha yaliletwa jioni. Tukayapanga. Rafu sasa imejaa kuliko asubuhi.

Dosari hiyo niliiona tulipokuwa tunafunga duka. Sikuitaja.

Alhamisi, 6 Agosti

Jana bibi mmoja alimnunulia mjukuu wake kasha jipya. Mauzo ya kwanza ya mbinu yangu. Mjomba aliikariri methali yake, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anaikariri kila siku tangu nimjue, na muda wote huo hakuna kilichojiuza pale.

Leo bibi alirudi. Aliweka kasha kaunta, akalifungua mbele ya wateja wote, yaani wawili, akauliza kuko wapi alichonunua. Nilimwonyesha kikaratasi. Alisema afadhali aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, maana gunia lake lilikuwa linalia.

Nilimweleza kwa upole kwamba gemu ipo mtandaoni. Akauliza, kama ipo huko, yeye na magoti yake wametembea mpaka huku kufuata nini.

Nilifikiri sana. Mjomba naye alifikiri sana.

Fundi ndiye aliyeinuka. Alimketisha bibi, akazipiga picha zile namba na kuzituma kwa mjukuu, gemu ikaanza kushuka nyumbani kwao, na hapohapo akambadilishia bibi kioo cha simu kilichokuwa na ufa. Bibi alimwita mwanangu wa pekee. Kasha akaliacha mezani kwa fundi, akisema halina kazi.

Makasha ya karatasi Mjomba amemrudishia wakala. Meza ya fundi iko kigae cha tano.

Ijumaa, 7 Agosti

Usiku kucha nimejiuliza: ni kitu gani ambacho anayepakua hakipati? Jibu limenijia wakati napiga mswaki. Vijitabu!

Gemu za siku hizi haziji na kijitabu. Mtu anatupwa katikati ya vita bila kujua babu yake alikuwa nani. Basi nitaviandika mwenyewe. Ukinunua diski, unapewa kijitabu. Mtandao haunalo hilo.

Nimeandika vinne leo. Kuna nasaba ya wafalme, ramani, na barua ya malkia kwa dada yake. Kigumu kilikuwa cha gemu ya magari, kwa sababu ni magari tu. Nimemwandikia dereva utoto. Baba yake hakutaka aendeshe. Siku anaondoka nyumbani, baba alisimama mlangoni akajifanya anakagua bawaba.

Mjomba alisoma hicho akiwa amesimama. Akaketi. Akauliza kwa sauti ndogo kama yule mzee alikuja kumsamehe mwanawe. Nilisema hayo yapo kijitabu cha pili. Akaniambia nifanye haraka.

Jumamosi, 8 Agosti

Siku kubwa. Kijana mwenye kofia nyekundu alinunua diski ya magari kwa ajili ya kijitabu tu. Mchana akaleta wenzake, wakanunua mbili nyingine. Mmoja wao aliuliza yule baba anaonekana wapi ndani ya gemu. Baba huyo nilimzaa jana tu. Nikajikuta nasema ni hatua ya kumi na moja, ukicheza kwa subira.

Nimetoa nakala nyingi kwenye duka la fotokopi, pamoja na za kijitabu cha pili nilichokimaliza alfajiri. Nimeziweka kaunta zikiwa zimepangwa kama vitabu vya maktaba. Nilimpa fundi moja, kumwumiza. Aliisoma yote. Akasema Profesa, una mkono wewe. Sijui anapanga nini.

Jumatatu, 10 Agosti

Hakuja mtu.

Saa nne hakuna. Saa sita hakuna. Mchana alipita kijana wa kofia nyekundu. Nikamwita, nikamwambia kijitabu cha pili kipo tayari kaunta. Alisema asante, ameshakisoma. Nikamwuliza kivipi na hakijatoka nje ya duka hili. Akanionyesha simu. Mtu alivipiga picha Jumamosi, ukurasa kwa ukurasa, akavirusha kwenye kundi lao. Shule nzima inavisoma. Wapo hata watu wa mji mwingine.

Nilimweleza Mjomba yote. Kwamba mtu anakesha kutengeneza kitu cha kushikika, kwa karatasi na jasho, halafu wengine wanakigeuza picha na kugawiana hewani, bila yeyote kati yao kuvaa viatu na kuja dukani. Nikamwuliza kama katika maisha yake amewahi kuona dhuluma ya namna hiyo.

Mjomba aliitazama rafu. Alisema amewahi.

Fundi alikohoa. Sielewi kwa nini watu wanakohoa mtu anapozungumza mambo mazito.

Jumatano, 12 Agosti

Sitaki kuandika ya leo. Naandika kwa sababu ya nidhamu.

Walikuja vijana sita, kofia nyekundu akiwa mbele. Wamefika hatua ya kumi na moja, wakaivuka, wakairudia. Baba hayupo. Wakasema Profesa tuonyeshe wewe mwenyewe. Mjomba alifurahi mno. Aliwasha mashine na runinga kubwa ya dirishani, akanivutia kiti, akawaambia sasa mtaona mwalimu anavyofundisha.

Nilishika pedi. Nikabonyeza kitu. Gari langu lilirudi nyuma mpaka ukutani. Nikabonyeza kingine, likaendelea kuusukuma ukuta. Vijana walisogea karibu kwa heshima, wakidhani hiyo ndiyo siri yenyewe. Mmoja alinong'ona kwamba labda baba yuko nyuma ya ukuta. Nikasema mhm.

Nilisukuma ukuta huo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha nikaomba maji.

Kumbe fundi alikuwa ameinua simu muda wote, anarusha moja kwa moja mtandaoni. Alisema alitaka kulitangaza duka. Watazamaji walikuwa mamia, na wamenibatiza Profesa wa Ukuta. Waliniuliza kama ukuta una baba. Walipomaliza kucheka, wote waliuliza gemu inaitwaje. Fundi akawatajia. Wakaipakua.

Mmoja tu ndiye aliyefika dukani. Aliomba nywila ya waifai, kwa sababu kwao inashuka polepole.

Mjomba aliniambia nimeigiza vizuri sana, hata yeye karibu aamini. Meza iko kigae cha saba.

Ijumaa, 14 Agosti

Kesho seremala. Tangu kikao kile rafu imepungua diski tatu.

Mjomba alishinda anaipangusa, kasha moja moja, akirudisha kila moja mahali pake kama anayelaza watoto. Nimemwazima kitabu cha maktaba kuhusu injini. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaufunga. Akaanza kusema kizuri chajiuza, akaishia hapo.

Nikaona huu ndio wakati wa kumwambia ukweli wangu, kwamba labda gemu zingeuzika zaidi kama mshauri wa wateja angekuwa mtu anayezijua. Nikavuta pumzi. Kabla sijafungua mdomo, Mjomba alisema kitu kimoja kinamfariji. Duka likifa, angalau lilikuwa na mtu mmoja aliyezijua gemu kwa dhati, na huyo ni damu yake.

Nikachukua kitambaa, nikamsaidia kufuta upande wa kushoto.

Jumamosi, 15 Agosti

Seremala alikuja na nyundo na msumeno. Aliitazama rafu, akauliza nani aliyeijenga hii ikiwa imelewa. Mjomba alikuwa tayari amevaa ovaroli ya shemeji, mikono inamzidi kwa kiganja kizima.

Hapo fundi aliinuka na kasha mkononi. Lilikuwa lile la bibi, alilosema halina kazi. Alilifungua. Ndani kulikuwa na kioo cha simu, kimelala kama kimepimiwa. Alisema tangu wiki jana vioo anavyoweka humo havipasuki, ila kasha ni moja na vioo ni tele. Akamwuliza Mjomba kwa adabu, mzee, haya mengine unayauzaje.

Mjomba alidhani anataniwa. Alisema zile ni gemu. Fundi akasema anajua, diski abaki nazo mzee, yeye anataka makasha. Mjomba akauliza mengi kiasi gani. Fundi akasema yote.

Mjomba akauliza tena, kwa uangalifu, kama huko kunahesabika kuwa ni kununua. Fundi alisema mzee, kununua ni kununua.

Wakapeana mikono. Kisha fundi aliitazama meza yake, iliyojaa mpaka pembeni, akaitazama ndoo, akakuna kichwa. Akaomba, kama haitakuwa usumbufu, makasha yake yakae palepale yalipo.

Seremala hakuvunja kitu. Aliinyoosha rafu upande wa kushoto, akalipwa, akaondoka analalamika. Meza ya fundi ilirudi nyuma vigae viwili ili aifikie rafu vizuri. Mjomba aliivua ovaroli, akarudi kaunta. Duka ni lake na wateja wa vioo wanapita mbele yake, naye anawaandikia risiti. Methali aliimaliza yote, mara mbili. Diski ziko kwenye ndoo.

Nimekaa nikatafakari. Kasha la bibi lilitoka wapi? Lilitoka kwenye mbinu yangu ya kwanza. Kwa hiyo rafu niliiokoa mimi tangu Jumanne ile, na yaliyofuata yalikuwa ni kukosa subira tu. Fundi bado hajanishukuru. Wivu.

Jambo moja halikunipendeza. Mteja wa kwanza leo alipofunguliwa kasha, alikuta kioo kitupu, bila neno hata moja kuhusu kilikotoka wala kilivyoteseka mpaka kufika kwetu. Mtu anatupwa na simu yake katikati ya mambo.

Nilikivuta kigoda nyuma ya rafu. Nikaegemea kushoto. Nikachonga penseli, nikakunja karatasi mara mbili, nikaandika juu yake: Sura ya Kwanza, Utoto wa Kioo.