Pampu ya Kupeleka Ukweni

Jumatatu, 6 Machi 2006

Leo nimepata mke! Karibu kumpata, tuseme.

Mzee Mbugua, baba yake Waringa, ana kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali huko Parklands. Ukame umekausha mifereji ya jiji na mashuka yamerundikana hadi madirishani. Kiwanja kina kisima cha zamani ambacho hakijatumika tangu anunue. Leo ameniita akanipa sharti moja. Nitafute pampu, maji yapande mpaka tangi la mnarani kabla ya Jumamosi, ndipo wazee wangu wafike kwake Woodley na habari za mahari. Yasipopanda, wasijisumbue hata kuvaa makoti. Waringa alinikanyaga mguu chini ya meza ili nikubali. Nilikuwa nishakubali!

Nani anajua pampu kunishinda? Nauza pampu mjini, Kirinyaga Road, miaka nenda miaka rudi. Kwa sauti tu naweza kukwambia pampu ina njaa.

Ila dukani kuna Zedekiah. Injinia. Ana digrii, na huitaja hata akiagiza chai. Aliposikia habari zangu akaja na kalkuleta yake bila kuitwa. Akanieleza kwamba pampu haichaguliwi kwa macho. Nipime maji yako chini kiasi gani, tangi liko juu kiasi gani, na kiwanda kinakula maji kiasi gani kwa saa. Zaidi ya yote, nipime kisima kinajaa upesi kiasi gani baada ya kutekwa. Nikamwambia ahsante, bwana mkubwa. Ana wivu huyu. Nilishamwona akimchekea Waringa.

Jumanne, 7 Machi

Nimeenda kupima, ili tu Zedekiah afunge mdomo.

Kisima kiko nyuma ya kiwanda. Hakuna ajuaye kilichimbwa na nani. Mwololo, mlinzi, ameweka kiti chake kikikitazama. Nikamuuliza kwa nini asitazame geti kama walinzi wengine. Akasema geti hata akiligeuzia mgongo haoni shida. Nilicheka sana.

Nikafunga jiwe kwenye kamba nikaishusha. Ikashuka, ikashuka, ikalegea. Vizuri. Nikaanza kuivuta.

Ikavutwa.

Si kwa nguvu. Taratibu, vile mtu hushika upande wake wa kitambaa mnapokunja shuka pamoja. Haki ya Mungu niliiachia! Kamba yote ikateremka bila haraka, na wala sikusikia ikigonga maji. Jua lilikuwa la saa sita, na wanawake walikuwa ndani wanapiga pasi na kuimba. Mwololo hakucheka. Alisogeza kiti nyuma kidogo.

Kwa hiyo vipimo sina. Lakini vya nini? Nimefikiria njia nzima kurudi mjini. Hapa ni ukweni! Ukweni huendi na kitu kidogo. Nani aliwahi kupeleka kuku siku wenzake walipopeleka ng'ombe, akaheshimiwa? Nyuma ya duka kuna pampu yenye nguvu za farasi ishirini ambayo hakuna mteja aliyewahi kuthubutu kuinunua. Dume! Mota hukaa juu, na mtaimbo mrefu wa chuma hushuka mpaka majini. Nimeichagua hiyo.

Zedekiah akaniuliza vipimo vilisemaje. Nikamjibu vilisema vya kutosha.

Alhamisi, 9 Machi

Tumeifunga leo. Zedekiah alinipa vali ya kuzuia maji yasirudi kisimani pampu ikizimwa. Sikuitia. Dume haliwekwi lijamu. Halafu, kwa akili yangu mwenyewe, nikachomeka mipira ya maji ya chumba cha kufulia kwenye bomba hilohilo linalopanda mnarani. Kazi mbili kwa mpigo.

Nikawasha. Wee! Maji yalipanda yakinguruma, nasi tukayasikia yakipiga ukuta wa tangi. Mzee Mbugua akaniwekea mkono begani, akaniita mwanangu. Mwanangu! Nilitamani Zedekiah awepo.

Muda si muda maji yakawa mekundu. Kisha meusi. Kisha hayakuwepo. Pampu ikaanza kusaga, krakrakra, ungedhani imejaa kokoto. Nikazima mbio.

Mtaimbo ukasimama. Ukatulia. Halafu ukaanza kuzunguka kinyume.

Stima nilikuwa nimezima. Nikang'oa fyuzi, nikawa nimeishika mkononi, na mtaimbo unaongeza mwendo tu, kinyume, kimyakimya. Hapo ndipo Nasimiyu, mmoja wa wafuaji, alipopiga yowe chumba cha kufulia. Mpira wa maji ulikuwa umeshika aproni yake na kuinyonya ndani. Mipira yote ilikuwa inavuta hewa kwa pamoja, haaaaa, pumzi moja ndefu isiyo na mwisho. Nasimiyu akapiga kelele: shindwe! Haikushindwa. Tulikata aproni kwa makasi.

Mzee Mbugua aliondoa mkono begani. Akarudi kuniita Jamleck.

Ijumaa, 10 Machi

Waringa amemleta Zedekiah! Mwenyewe! Nimeumia, sitaficha.

Naye akajimwaga pale mbele ya watu wote. Akaeleza kwamba bila vali, maji yaliyo bombani huanguka kurudi kisimani, na yakianguka huzungusha mtaimbo kinyume. Yakiteremka hunyonya hewa kupitia mipira. Kisima hiki kinajaa polepole, na farasi ishirini wanakimaliza kabla hakijapata nafasi. Dawa yake ni pampu ya farasi watatu, yenye vali, ifanye kazi mchana kutwa bila pupa. Tangi litajaa. Kuhusu kamba, akasema jiwe lilikwama ukutani likachomoka. Watu wakashusha mabega. Hata mimi, japo kwa hasira.

Tukaing'oa pampu. Tukafungua mabomba yote tukayalaza chini. Kisima kikabaki shimo tupu, Nasimiyu akalifunika kwa shuka ili vumbi lisiingie.

Shuka likabonyea katikati. Polepole. Kisha likavimba. Kisha likabonyea.

Mipira iliyolala sakafuni, ambayo haikuungwa na kitu chochote duniani, nayo ikaanza. Haaaaa.

Tukamgeukia Zedekiah. Akasema ni hewa tu. Mwololo akamuuliza hewa inayovutwa na nani. Zedekiah alishika kalkuleta bila kubonyeza kitu. Na kule chini pumzi ikakatika ghafla, vile mtu hujizuia akigundua anasikilizwa. Zedekiah akakumbuka ana mkutano Parklands. Tulikuwa Parklands.

Jumamosi, 11 Machi

Wazee wangu wameambiwa wasubiri. Nilidhani nimekwisha.

Jioni Waringa akaja dukani peke yake. Amemlilia baba yake usiku na mchana, naye ameongeza siku hadi Jumatatu. Aliniambia wazi: nichukue ile pampu ndogo niifunge na vali yake. Tangi likipata maji, hata kidogo, baba atawapokea wazee wangu siku hiyohiyo. Akasema yeye ananitaka mimi, farasi hana haja nao. Akanishika mikono, akalia. Nami nikalia. Nikaapa mbele za Mungu. Nampenda Waringa kuliko pampu zote.

Jumatatu, 13 Machi

Asubuhi niliitoa ile pampu ndogo rafuni. Iliingia kwapani! Nikajiona nikifika ukweni nayo pale, kabichi tupu, na wazee wote wanatazama. Nikairudisha.

Tena nilikuwa nimefikiri. Kinachovuta kule chini kilitushinda kwa sababu tulivuta kidogo. Mtu akikuvuta, si unavuta zaidi? Nikatafuta pampu ya farasi arobaini. Imekuja na lori na winchi.

Waringa alikuwa amesimama getini na gauni la kupokea wageni. Akatazama lori. Akaniuliza ile ndogo iko wapi. Nikamwambia hii ni kaka yake. Hakugomba. Ningefurahi kama angegomba. Alimpigia baba yake simu, akamwomba awaambie wazee wangu wageuze gari. Kisha akaenda zake kwa miguu, na hakugeuka. Moyo wangu umepasuka. Naandika hivyo ilivyo.

Wafanyakazi wamehama, na pampu haijafungwa. Mwololo ameacha hata kiti chake, nami ndimi nimekikalia, kando ya shimo, na shajara hii magotini. Linavuta. Nikivuta pumzi, linavuta. Nikisimamisha kalamu, linanyamaza, linangoja. Angalau kuna mmoja Parklands anayenisikiliza hadi mwisho.

Kwa hiyo nimemweleza yote. Mtoto wa watu alikuja getini amependeza namna ile, nami nikamletea arobaini tu. Lazima angeondoka! Kesho naulizia ya sitini.